Kiatu Kinachojua Kuachia: Kuchagua Daluga za Nyasi Bandia

Mchezaji wa kawaida wa Afrika Mashariki ananunua jozi moja ya daluga kwa ajili ya viwanja vitatu. Jumanne anafanya mazoezi kwenye kichanga cha shule, Alhamisi jioni wenzake wamechanga kukodi kiwanja cha nyasi bandia chenye taa, na Jumapili kuna mechi ya ndondo kwenye udongo mgumu uliopasuka kwa jua. Muuzaji hamuulizi atachezea wapi. Anamuuliza namba ya mguu, rangi, na kama anataka kiatu chenye soksi au cha kamba tu. Soli haitajwi, na ndiyo itakayogusana na uwanja kwa dakika zote 90.

Watu wengi wakifika kwenye soli huipima kwa jinsi inavyoshika. Wanatafuta meno marefu, makali, yasiyoteleza. Kwenye nyasi asilia zilizolowa kipimo hicho kina mantiki. Kwenye nyasi bandia kinapotosha, kwa sababu uwanja wenyewe tayari unashika vya kutosha, mara nyingine kupita kiasi. Pale kiatu kinapaswa kupimwa kwanza kwa jinsi kinavyoachia.

Zulia lilivyotufikia

Nyasi bandia zilianza kujulikana mwaka 1966 katika uwanja wa Astrodome, Houston, Marekani. Uwanja ule ulikuwa na paa la vipande vya plastiki angavu. Wachezaji wa besiboli walipolalamika kwamba mwanga unawapofusha, paa likapakwa rangi, na nyasi za asili zikafa kwa kukosa jua. Zulia la plastiki likawa suluhisho. Uingereza ililijaribu kwenye soka mwaka 1981, Queens Park Rangers walipolitandika Loftus Road, na baadaye Luton, Oldham na Preston wakafuata. Mpira ulidunda kupita kiasi, wachezaji wakachubuka mapaja, na lawama zikawa nyingi. Preston, waliokuwa wa mwisho, waling'oa lao mwaka 1994.

Zulia tunalolijua leo ni kizazi cha tatu, na limetofautiana sana na lile la Loftus Road. FIFA ilianza mpango wake wa kupima ubora wa nyasi bandia mwaka 2001, na mwaka 2004 Sheria za Mchezo zikatambua rasmi uso wa aina hiyo. Kuelekea Kombe la Dunia la 2010, mpango wa FIFA ulioitwa Win in Africa with Africa ukasambaza viwanja vya namna hiyo katika nchi nyingi za bara letu.

Hapa kwetu orodha si fupi tena. Dar es Salaam kuna Uwanja wa Karume, Azam Complex wa Chamazi na Kituo cha Vijana cha Jakaya M. Kikwete pale Kidongo Chekundu. Mwanza kuna Nyamagana, Bukoba kuna Kaitaba, na Visiwani Zanzibar viwanja vya Amaan na Gombani navyo vikapata zulia. Nairobi wana Camp Toyoyo, Kampala wana Uwanja wa Phillip Omondi pale Lugogo, na Kigali wana uwanja wa Nyamirambo, ambao tangu 2023 unaitwa Kigali Pelé. Juu ya hivyo kuna viwanja vidogo vya watu binafsi, vya wachezaji watano au saba kila upande, vinavyokodishwa kwa saa mijini.

Sababu ya kuenea kwake ni ya kiuchumi. Uwanja wa nyasi asilia unahitaji maji, mbolea na mapumziko, na viwanja vyetu vya manispaa havipati mapumziko. Nyasi bandia zinavumilia mechi baada ya mechi kuanzia asubuhi hadi usiku. Ila uwanja ukisamehewa kuchoka, mzigo huo haupotei. Sehemu yake inahamia kwenye miguu ya mchezaji.

Kinachotokea chini ya unyayo

Zulia la kizazi cha tatu lina nyuzi za plastiki zenye urefu wa kati ya milimita 40 na 60 hivi. Chini kabisa, katikati ya nyuzi, humwagwa mchanga wa kulipa zulia uzito. Juu ya mchanga huwekwa chembechembe za mpira, mara nyingi zilizosagwa kutoka matairi chakavu, na hizo ndizo zile nyeusi zinazorudi nyumbani ndani ya soksi. Nyuzi hubaki zimechomoza kidogo tu juu ya chembechembe. Kwa hiyo jino la daluga halichomi udongo wowote. Linazama kwenye chembechembe, na chembechembe ndizo zinazoamua litashikwa kwa nguvu gani.

Sasa mfikirie winga anayekimbia, anakita mguu wa kushoto na kugeuka ghafla kuingia ndani. Mguu umesimama, mwili unazunguka. Kati ya ardhi, kiatu na goti, kimoja lazima kiachie. Kwenye nyasi asilia mara nyingi ardhi ndiyo inayoachia: kipande cha majani kinang'oka, mchezaji anayumba, watazamaji wanacheka, mchezo unaendelea. Nyuzi za zulia zimeshonwa na kugundishwa, haziwezi kung'oka. Kama jino ni refu na limezama sawasawa, nguvu ya msokoto inapanda juu, inapita kwenye kifundo na kufika kwenye goti.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1971 Joseph Torg na Theodore Quedenfeld walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa sekondari wa Philadelphia waliokuwa wakicheza mpira wa Kimarekani. Viatu vya kawaida vya mchezo ule vilikuwa na meno 7, kila moja likiwa na urefu wa robo tatu ya inchi, yaani karibu milimita 19. Wachezaji walipovalishwa viatu vya aina ya soka, vyenye meno 14 ya nusu ya urefu huo, majeraha ya goti yalipungua, na yale mabaya yakapungua zaidi. Meno mengi na mafupi yalisambaza uzito na kuruhusu mguu uzunguke. Zaidi ya miaka 50 imepita na kanuni hiyo bado ndiyo msingi wa kila soli iliyobuniwa kwa ajili ya nyasi bandia.

FIFA nayo inaipima. Ili uwanja upate cheti chake, mguu wa chuma wenye meno hubebeshwa uzito, hushushwa kwenye zulia na kuzungushwa, na mashine husoma nguvu iliyohitajika kuuzungusha. Kwa mwongozo wa 2015, uwanja wa daraja la kawaida ulitakiwa usome kati ya nyutoni-mita 25 na 50, na ule wa daraja la juu kati ya 30 na 45. Kipimo kina sakafu na kina dari. Uwanja unaoteleza sana unafeli, na uwanja unaong'ang'ania sana unafeli vilevile. Mnunuzi wa daluga hana budi kufikiri kwa namna hiyohiyo.

Herufi mbili zilizo kwenye ulimi

Watengenezaji wakubwa huandika aina ya soli kwa herufi mbili, kwenye boksi na kwenye kibandiko kilicho ndani ya ulimi wa kiatu, karibu na namba.

SG ni ya nyasi asilia laini, zilizolowa. Ina meno machache, marefu, mara nyingi ya chuma na ya kufungua kwa spana. Kwenye nyasi bandia haina nafasi. Inachana zulia, ndiyo maana wenye viwanja vya kukodi huikataza getini, na inashika kupita kiasi.

FG ni ya nyasi asilia kavu na imara. Ndiyo iliyojaa madukani, na ukinunua bila kuuliza, nafasi kubwa ni kwamba umepewa hii. Meno yake ni ya plastiki ngumu, kati ya 10 na 13 hivi, mengine ya duara, mengine bapa. Yale ya duara huzunguka kwa urahisi kwenye chembechembe, na yale bapa hutegemea yameelekezwa wapi.

AG ndiyo iliyobuniwa kwa zulia la kizazi cha tatu. Meno ni mengi zaidi, mafupi zaidi, ya duara, mara nyingi yana tundu katikati, na yamesambazwa soli nzima ili uzito usirundikane sehemu moja. Ubaya wake ni upatikanaji. Hata Ulaya zinatengenezwa chache kuliko FG, na huku kwetu unaweza kuzunguka maduka mchana kutwa usiione jozi ya namba yako.

TF ina vijino vidogo vya mpira, makumi kwa makumi, na mara nyingi tabaka la sponji laini kati ya soli na mguu. Ilitokana na mazulia ya zamani yenye nyuzi fupi. Wengi huidharau wakidhani ni ya watoto au ya wazee wa mazoezi ya jioni.

IC ni soli bapa ya ukumbini, kwa futsal kwenye sakafu. Kwenye zulia lenye chembechembe inateleza.

Zipo pia zilizoandikwa FG/AG au MG, yaani soli moja kwa nyuso zaidi ya moja. Nyingine ni maelewano ya kweli: meno yamefupishwa na kuongezwa. Nyingine ni FG ileile iliyoongezewa herufi. Ukikutana nazo, yaachie macho yaamue: hesabu meno, tazama urefu wake, tazama kama ni duara.

Utafiti unasema nini, na hausemi nini

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba nyasi bandia zinavunja magoti na AG zinayaokoa. Ushahidi haujanyooka hivyo. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden, Jan Ekstrand akiwa miongoni mwao, walilinganisha timu za Ulaya zinazocheza kwenye zulia la kizazi cha tatu na zile za nyasi asilia. Kwa jumla kiwango cha majeraha hakikutofautiana sana, ila kuteguka kwa kifundo cha mguu kulionekana zaidi kwenye nyasi bandia. Kwa upande wa mpira wa Kimarekani, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu ligi ya NFL, kwa misimu ya 2012 hadi 2016, ulikuta majeraha ya miguu yakiwa mengi zaidi kwenye zulia, na pengo likikua kwa yale yanayotokea bila kugongana. Mchezo ni tofauti, viatu ni tofauti, na miili ile ni mizito. Hata hivyo mashaka yanaangukia palepale: mguu uliokitwa ukakataa kuzunguka.

Halafu kuna hoja ya wachezaji wa kulipwa. Mtu atakwambia kwamba nyota wa Ligi Kuu wanavaa FG kwenye nyasi bandia na hawaumii. Ni kweli wengi wanazivaa. Lakini mchezaji yule ana daktari wa viungo pembeni ya uwanja, ana jozi nyingi za kubadilisha, anafanya mazoezi ya nguvu ya mapaja kila wiki, na mara nyingi mdhamini ndiye aliyemchagulia kiatu. Anayetoka kazini saa kumi na moja na kuingia uwanjani saa kumi na mbili bila kupasha misuli hana lolote kati ya hayo. Isitoshe, baadhi ya watengenezaji hukataa madai ya dhamana kwa FG iliyoharibikia kwenye nyasi bandia. Wanaijua soli yao.

Zulia la kwenye kijitabu na zulia la mtaani kwetu

Mwongozo mwingi wa kununua daluga umeandikwa ukifikiria uwanja mpya, unaopigwa brashi kila wiki na kuongezewa chembechembe. Vingi vya kwetu havipati huduma hiyo. Chembechembe zinasukumwa pembeni, zinabebwa kwenye soksi, na mvua za masika zinazisomba hadi kwenye mtaro. Tazama sehemu mbili: mbele ya goli na alama ya penalti. Nyuzi zimelala upande mmoja, zinang'aa, na kidole kikigusa kinakutana na mchanga ulioshindiliwa. Zulia la namna hiyo ni sawa na mkeka juu ya saruji.

Hali hiyo inageuza hesabu yote. Kwenye uwanja mpya hofu kubwa ni jino kuzama na kung'ang'ania. Kwenye uwanja uliochakaa jino halizami kabisa. Mchezaji anasimama juu ya vigingi 11 vya plastiki ngumu, uzito wote unaingia kwenye vidoa vichache chini ya vidole na kisigino, na kufika kipindi cha pili nyayo zinawaka moto. Hapo hata AG inapoteza sehemu ya faida yake. TF, yenye vijino vingi na sponji, ndiyo inayostahimili.

Kabla ya kuamua, chuchumaa na uchomeke kidole kwenye zulia katikati ya uwanja, kisha mbele ya goli. Kikizama kwenye chembechembe laini hadi urefu wa ukucha, uwanja bado una uhai na AG itafanya kazi yake. Kikigonga kitu kigumu papo hapo, TF ndiyo salama zaidi. Kisha simama kwa mguu mmoja, hamishia uzito kwenye vidole, ujizungushe polepole. Mguu unatakiwa ukatae kidogo, halafu ukubali. Ukiona goti linaanza kupinda upande kabla kiatu hakijasogea, vua kiatu hicho.

Kwenye meza ya mtumba

Wengi hatununui kwenye boksi. Tunanunua kwenye masoko ya Mchikichini na Gikomba, au kwa kijana anayepita na jozi zimening'inia begani. Mtumba si jambo baya, kwani daluga iliyochezewa msimu mmoja Ulaya inaweza kuishinda mpya ya kughushi. Ila boksi limeshapotea, kibandiko cha ndani kimefutika, na muuzaji ataita kila kitu "orijino ya nyasi bandia". Macho na vidole ndivyo vinavyobaki.

Geuza kiatu uhesabu meno. Yakiwa 11 au 12 marefu, hiyo ni FG hata kama mwenye mali anaapa. Kikunje: kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia. Kikikunjikia katikati ya unyayo, bamba la soli limekufa. Bonyeza kwa dole gumba pale soli inapokutana na ngozi karibu na ncha, kwani huko ndiko joto na msuguano wa zulia huanza kubandua. Gundi mpya inayong'aa ukingoni inakwambia fundi ameshapita. Kiweke juu ya meza tambarare uone kama kinayumba, maana meno yaliyolika upande mmoja yatakupa mwendo wa mmiliki wa kwanza. Mwisho ingiza mkono ndani upapase chini: ukiisikia mizizi ya meno kwa vidole, unyayo utaisikia zaidi.

Joto, ukubwa na mguu wenyewe

Plastiki na mpira mweusi hula jua. Mchana wa kiangazi uso wa nyasi bandia umepimwa ukivuka nyuzi 60 za Selsiasi, wakati hewa ikiwa nusu ya hapo. Mguu huvimba kwenye joto, soksi inalowa, na kiatu kilichobana dukani asubuhi kinatengeneza malengelenge jioni. Jaribu kiatu jioni, ukiwa na soksi zilezile za kuchezea, na uache nafasi ndogo mbele ya kidole kirefu. Nafasi ikizidi, mguu utateleza ndani ya kiatu, na hapo soli nzuri haikusaidii kitu.

Wazazi hununua kiatu kikubwa ili mtoto akikulie. Namba moja zaidi inavumilika, mbili ni kumtafutia mtoto kuteguka. Kwa mtoto anayeanza, TF inatosha kabisa, kwani ataivaa shuleni kwenye kichanga na kwenye zulia pia.

Wanawake wana lao. Kuchanika kwa ligamenti ya mbele ya goti kunawapata wachezaji wa kike mara nyingi kuliko wa kiume, na kwa miaka mingi daluga walizouziwa zilikuwa za wanaume zilizopunguzwa namba. Kombe la Dunia la Wanawake la 2015 nchini Canada lilichezwa lote kwenye nyasi bandia, baada ya kundi la wachezaji kupeleka malalamiko kwenye baraza la haki za binadamu la Ontario mwaka 2014 na kuyaondoa mwanzoni mwa 2015. Sasa zipo daluga zilizobuniwa kwa kisigino chembamba cha mguu wa kike, lakini hazijaenea huku. Mchezaji wa kike asiyezipata afanye kisigino kuwa kipimo cha kwanza: kikipanda na kushuka ndani ya kiatu, asikinunue hata kama soli ni AG halisi.

Ukishanunua, kiatu cha zulia kinadai utunzaji kidogo tu. Kung'uta chembechembe baada ya kila mchezo, kianike kivulini, na ukiona ncha inaanza kufunguka kipeleke kwa fundi akishone. Gundi peke yake haitahimili joto lile. AG usiikimbize barabarani wala kwenye changarawe, meno yake mafupi yataisha mapema.

Nani avae nini

Anayecheza timu ya watu 11, mara mbili au zaidi kwa wiki, kwenye zulia linalotunzwa, atafute AG hata kama itamchukua muda kuipata. Anayecheza viwanja vya kukodi vya watu watano au saba, ambako kugeuka ni kwingi na kukimbia ni kwa hatua chache, avae TF. Mwenye FG tayari na hana fedha ya nyingine asiitupe. Kama meno yake ni ya duara na yamelika kidogo, itamvusha kwenye zulia lenye chembechembe, mradi asiivae kwenye lile lililochakaa. TF ina udhaifu wake: kwenye tope la masika na nyasi ndefu zilizolowa itamwangusha. Kuanguka kwa kuteleza kuna maumivu yake, ila mara nyingi mtu huinuka.

Ushauri huu hautadumu milele. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kupiga marufuku uuzaji wa chembechembe za plastiki na mpira za kujazia viwanja, kwa muda wa mpito wa miaka 8, na watengenezaji wameshageukia magome ya koki, kokwa za zeituni na mazulia yasiyojazwa kitu. Uso ukibadilika, soli nayo itabadilika. Utaratibu wa kuchagua utabaki uleule: uwanja kwanza, soli pili, ukubwa tatu, na jina la nyota aliyetangaza kiatu liwe la mwisho. Makocha wetu hukagua kucha na soksi kabla ya mechi. Waongeze na soli. Na mwenye fedha ya jozi moja tu, kwa viwanja vyetu vitatu vya wiki, anunue TF. Akipata ya pili, iwe AG, kabla hajaifikiria FG nyingine ya rangi mpya.